Viatu vya Kwendea Andes

"Inua mguu, Gaudiose," Christina alisema. "Anton avione viatu."

Gaudiose aliinua mguu juu ya zulia alilolisafisha mwenyewe asubuhi ile, akacheka kwa haya. Anton, kiongozi wa safari, alipiga goti na kukikunja kiatu kwa vidole, kama anayepima ulaini wa mkate. Keshokutwa angewaongoza watu katika milima ya Andes, kule Peru, wiki mbili za kutembea na kulala hemani.

"Vimelainika vizuri," alisema. "Umevivaa tangu lini?"

"Tangu theluji ya kwanza."

Tangu siku ile Christina, mwenye nyumba anayoisafisha, alipomkabidhi boksi. "Vivae kila siku. Panda navyo vilima. Andes haina mchezo." Gaudiose alivipokea kwa mikono miwili, akainama. Hakuuliza neno. Kwao Ngozi, Burundi, anayepewa kitu kisha akaanza kuhoji ni kama amemtukana aliyempa. Basi kila jioni, akitoka kufanya usafi, alipanda kilima cha nyuma ya maghorofa ya Hallonbergen, huku Sweden, mgongoni kabeba mifuko ya mchele. Visigino vilichubuka, soksi zikagandamana na damu, naye akaimba. Kanisani walijua kuwa anakwenda Andes. Darasa zima la binti yake, Inès, lilijua.

"Haya, vua," Christina alisema.

Akavivaa yeye, akatembea mpaka dirishani na kurudi. "Aah! Kama soksi! Anton, mwaka jana viatu vipya vilininyofoa kucha mbili. Safari hii nimekuwa mjanja, nimepata mtu mwenye mguu kama wangu."

"Na mimi, Christina," Gaudiose aliuliza polepole, "nitavaa viatu gani?"

"Kwenda wapi?"

"Andes."

Christina alicheka kwa moyo mweupe kabisa, na hicho ndicho kilichouma. "Wewe? Jamani, kipenzi, mizigo yetu hubebwa na nyumbu!" Anton akainama kufunga begi ambalo tayari lilikuwa limefungwa. "Wewe utanimwagilia maua. Chukua sandali zangu za bustani, usitoke na soksi tu."

Nje, mvua ya Aprili ilikuwa imechanganyika na theluji. Kwenye treni hakuna aliyezitazama sandali zile, na hilo alilishukuru.

Alipofika mlangoni kwake alisikia nyumba imejaa. Akina mama wa kanisani walikuwa wamekuja kumuaga.

"Inès, mama atakuletea nini kutoka huko?" Sauti ya Concessa, jirani.

"*En sten!*" Inès alijibu kwa Kiswidi, kisha akawaonea huruma: "Jiwe! La juu kabisa! Aliniahidi."

Wakacheka, wakapiga vigelegele. Halafu mmoja akaanza kuomba: "Ee Bwana, ilinde miguu yake..."

Taa ya ngazi ikajizima yenyewe, kama kawaida yake. Kitufe kidogo chekundu cha kuiwasha kiling'aa ukutani, karibu na kiganja cha Gaudiose. Hakukibonyeza.