Bibi Niliyemwasha Tena

Kompyuta kuu ya maabara yetu tuliiita Bibi. Alikaa chumba cha nyuma, amefunikwa kitambaa cheupe, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyethubutu kumzima. Mara ya mwisho umeme ulipokatika aligoma kuwaka siku nne, tukaandika majibu ya damu kwa mkono. Mtunza kumbukumbu ni mimi, kwa hiyo lawama zote zilinishukia mimi. Tangu hapo kila asubuhi wapimaji waliniuliza, "Bibi kaamkaje?" Nikijibu, "Kaamka salama," kazi inaanza.

Ndipo mkurugenzi akamleta fundi, mwanamke mfupi, mpole, anayeongea kama anambembeleza mtoto. Chumba kile kilikuwa na mashine nane pamoja na Bibi, zinanguruma na kutoa joto mchana kutwa. Fundi akaleta mbili tu. Kila mashine ya zamani, alisema, ataihamisha nzima, programu na kumbukumbu zake, ikae ndani ya hizo mbili na kufanya kazi bila mwili wake. Kompyuta pepe, aliziita. "Mashine moja ikifa, mwenzake anabeba mzigo." Alipomaliza kuzihamisha, akachomoa waya wa umeme wa moja ya hizo mbili, mbele ya macho yetu. Nilipiga yowe. Skrini zetu ziliganda kidogo tu, zikaendelea na kazi. Mkurugenzi alinicheka mpaka akafuta machozi, na alikuwa na sababu ya kufurahi: joto liliisha, umeme uliotumika ulipungua, hata kelele zikatoweka.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Fundi alimzima Bibi, akachomoa waya zake, akambandika karatasi: ASIWASHWE. Mimi sikulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu niliwahi kazini kabla ya wenzangu, nikamrudishia Bibi waya wa umeme na wa mtandao, nikamwasha. Akiba haiozi, nilijiambia. Nikamfunika kitambaa chake na kwenda kunywa chai.

Saa nne na nusu maneno yakaanza huko mbele.

"Mbona majibu niliyoingiza siyaoni?"

"Yangu yapo. Labda yako umeyala."

Walicheka. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikafunua kitambaa. Skrini ya Bibi ilijaa majibu ya asubuhi ile, arobaini na moja. Sasa kulikuwa na wawili wenye jina moja na anwani moja ya mtandao, Bibi na nakala yake ndani ya mashine mpya, na kazi za wapimaji zilikuwa zinaingia kwa yeyote aliyetangulia kuitika.

Katikati ya orodha kulikuwa na mstari mmoja mwekundu. Mwanamke, miaka thelathini na minne, wodi ya figo ya hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Potasiamu, saba nukta mbili. Mimi si mpimaji, lakini nimeandika majibu miaka mingi, na najua kiwango hicho husimamisha moyo. Mstari mwekundu hujipeleka wenyewe wodini. Mpimaji aliuingiza akaendelea na sampuli nyingine, akijua umefika. Haukufika, kwa sababu njia ya kwenda wodini sasa alikuwa nayo nakala, si Bibi. Ulikuwa umeingizwa saa tatu na dakika tano.

Niliogopa. Tena, Mungu anisamehe, sikuanza kumwogopea mgonjwa. Nilijiogopea mimi. Ningemzima Bibi pale pale, wapimaji wangepima upya, lawama zingemwangukia fundi na kompyuta zake zisizo na mwili, na mimi ningesema, si niliwaambia? Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nilisimama hivyo dakika nzima, namtazama mwanamke wa miaka thelathini na minne asiye hata na jina.

Nilikimbilia simu ya mbele. Iliita ikakatika. Ikaita tena.

"Wodi ya figo."

Nikamsomea namba ya mgonjwa na kipimo.

"Huyo anasema miguu haina nguvu. Tulidhani ni uchovu."

Nikasikia simu ikigonga meza, viatu vikikimbia, kitu cha chuma kikianguka. Maabara nzima ilikuwa imenigeukia. Fundi, aliyeitwa na wapimaji, alisimama mlangoni ameshika kitambaa cheupe.

"Nani kamwasha?"

"Mimi."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alirudi nyuma, akamtenga Bibi na mtandao, akanakili kumbukumbu zake za asubuhi ile na kuzifungua pembeni ndani ya mashine mpya. Ndani ya nusu saa majibu yote arobaini na moja yakawa mahali pake. "Halikupotea hata moja," aliniambia. Simu bado ilikuwa sikioni mwangu, mkono umekufa ganzi.

Mwishowe muuguzi akarudi, anahema.

"Yuko hai. Moyo umeanza kutulia. Sasa nijaze kitabu cha majibu ya dharura. Jina lako?"

Nikamtajia.

"Kipimo kilitoka saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika tano."

Nilisikia kalamu ikisimama.

"Dada, mlinipigia karibu saa tano. Sababu ya kuchelewa niandike nini?"

Wenzangu walikuwa wananitazama, na mkurugenzi alikuwa ameshafika.

"Andika mtunza kumbukumbu aliogopa," nikasema.