Masengenyo Yenye Amina

Mama mkwe hakuwa akimgombeza mke wa mwanawe. Alimsema kwa Mungu. Kila wakikaa mezani alifumba macho, akainua mikono na kuanza: "Baba, unawaona wanaoamka jua limeshapanda. Unawaona wanaonunua viatu huku waume zao wanavaa mashati ya viraka. Wabadilishe, Bwana." Mwanawe akaitikia amina kwa sauti nene, utadhani hajui mshale unakwenda kwa nani. Chakula kikapoa, na mke akakila hivyo hivyo, na maneno yale ndiyo mchuzi wake.

Leo mama mkwe alikuwa amefika hadi kwenye "matumbo yasiyozaa." Mke akabeba vyombo hadi jikoni, akasukuma mlango kwa kisigino, akashika ukingo wa karo na kufumba macho.

"Baba, unawaona wanaojifanya watakatifu..."

Akafumbua macho. Mdomo ulikuwa wake, lakini sala ilikuwa ya mama mkwe, mpaka ule mkao wa shingo. Aibu ikamshika kuliko hasira. Akafungua bomba, akaacha maji yajae kwenye sufuria, kisha akaanza upya, polepole.

"Mungu, namchukia. Nisaidie. Amina."

"Unaongea na nani huko?" mama mkwe akauliza kutoka mezani.

"Nasali, mama."

"Sala gani hiyo, imeisha kabla haijaanza?"

Mke akachukua sufuria, akaanza kuisugua.

"Nilikuwa nasema na Mungu tu, mama."