Mashua ya Babu Meno

Mke wa Babu Meno aliileta mashua karakanani ikiwa imefungwa kwa taulo la kuogea. Akaiweka juu ya meza yangu, katikati ya seti mbili za meno ya bandia zilizokuwa zikisubiri kung'arishwa, akavuta kiti kilichokuwa cha mumewe na kukikalia bila kukiangalia.

"Mwanangu, naomba uitengeneze hii," akasema. "Jumapili ijayo nahama."

Nilijua kwamba anahama. Tangu msiba wa mumewe umalizike, mwanawe alikuwa akimwambia kwamba nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja, aende akakae naye na wajukuu.

"Kijana anasema kitakachopanda lori ni kizima tu. Kilichovunjika kinabaki jalalani. Jana kaiangalia hii, akaniuliza, Mama, na hizi kuni unazipeleka wapi?" Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshinda akifunga maboksi. "Sina nguvu ya kubishana naye. Nataka akija aikute nzima, akose la kusema."

Nikafunua taulo. Siku za msiba mtu alikuwa ameisukuma stoo na kuipangia viti juu yake. Mlingoti mmoja ulikuwa umevunjika, kamba zimesokotana, na ubavu wa kushoto ulikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha kidole.

"Utaweza?"

Nilitaka kumwambia kwamba nafanya kazi ya watu wawili na jioni nikifika nyumbani navua kiatu kimoja, napumzika, ndipo navua cha pili. Lakini ulimi wangu ni mzito, hasa mbele ya wakubwa.

"Nitajaribu, Mama."

"Hilo neno lenu humu ndani. Marehemu naye alijaribu kutengeneza bomba la jikoni, tukawa tunachota maji sebuleni."

Karakana yetu ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno. Watu ambao sitawaona kamwe hutafunia kazi ya mikono yangu. Babu Meno, aliyepewa jina hilo na watoto wa mtaani kwake, alikaa mkabala nami, meza kwa meza. Mimi aliniita Kimya, kwa kuwa mwezi wangu wa kwanza baada ya chuo sikumjibu zaidi ya ndiyo na hapana. Hakunilazimisha. Aliongea yeye, mpaka siku moja nikajikuta nambishia habari za chumvi kwenye mayai, na kuanzia hapo tukawa marafiki, ingawa alikuwa na umri wa baba yangu. Alipofariki, Daktari alisema mtu mwingine anatafutwa. Bado anatafutwa. Trei zake za kazi huja mezani kwangu pamoja na zangu.

Nilianza kazi ile saa za chakula, nikila kwa mkono mmoja na kuikwangua kwa mwingine. Nilikuwa nimemwona Babu Meno akiijenga, lakini kuona si sawa na kushika. Mbao zake alizitoa kwenye makasha ya matunda, akaziranda mpaka zikawa nyembamba kama rula. Palipobaki mwanya alipaziba kwa akriliki ya waridi tunayotengenezea fizi, kwa hiyo ukiitazama kwa chini ilikuwa mashua yenye ufizi. Kamba zake zilikuwa uzi wenye nta wa kusafishia meno. Na pale mbele kabisa, kwenye omo, alikuwa amepachika jino ambalo mgonjwa mmoja alilikataa kwa kuwa jeupe kupita kiasi. "Nalo likatembee," aliniambia siku ile.

Mlingoti mpya niliuchonga kwa mpini wa brashi ya rangi. Kamba nilizifumua moja moja, na nilipochoka nilizitazama tu, na muda wa chakula ukaisha. Siku nyingine Daktari aliingia akanikuta nimeegemeza shavu mezani kando ya mashua.

"Kimya, unalala?"

"Naangalia kama imenyooka, Daktari."

"Na meno ya yule mwalimu, yamenyooka?"

Yalikuwa bado yako kwenye nta, kazi haijafika hata nusu.

Kufika Jumamosi kulikuwa kumebaki ule ufa tu. Niliukwangua, nikaujaza akriliki mpya, nikaulainisha kwa kidole. Halafu nikafanya ninachofanya kila siku ya kazi: nikachemsha maji, nikamimina kwenye beseni, nikaizamisha mashua ubavu wote ili akriliki igande vizuri. Sikufikiri. Mikono yangu ilikuwa imechoka kiasi cha kufanya kazi bila kunishirikisha.

Daktari akaniita kliniki. Kulikuwa na mzee ambaye meno yake ya juu yalikuwa yakigonga kila anapotamka neno, naye alikuwa mwingi wa maneno. Niliyakwangua meno yale, akayavaa, akayajaribu kwa habari za shemeji yake mwanzo mpaka mwisho, nikayakwangua tena.

Niliporudi, beseni lilikuwa na maji ya rangi ya chai. Mbao za ubavu wa kushoto zilikuwa zimeachiana zote, nyingine zinaelea. Kiraka changu cha waridi kilikuwa kimekauka vizuri sana, kikiwa hakijashika kitu.

Nilijua mara moja, na nilikuwa nikijua tangu zamani. Babu Meno hakutumia gundi ya dukani. Alitumia ile ya maseremala, ya vipande vikavu, aliyoiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto. Kwa miaka mitatu niliinusa harufu yake na kuilalamikia. Gundi inayoyeyushwa kwa maji ya moto, nami nimeizamisha kwenye maji ya moto, kana kwamba natengeneza meno.

Nilikaa kwenye kiti chake. Sikulia; hata kulia kunataka nguvu. Nilianza kutunga la kumwambia Mama: kwamba inahitaji wiki mbili zaidi, kwamba nitamtumia kwa basi. Lori lilikuwa linakuja kesho asubuhi. Nikiirudisha hivi itabaki jalalani, na niliyeiua safari hii ni mimi. Mkono wa rafiki yangu haukuwa umebaki popote pengine, isipokuwa vinywani mwa watu.

Nilikuwa bado natunga, mlango ukafunguliwa. Alikuwa amekuja kuichukua.

"Mama," nikasema, na yote niliyotunga yakanitoka. "Nimeiharibu."

Akasogea. Alitazama beseni kwa muda mrefu.

"Yote?"

"Ubavu huu wote."

"Na huu mwingine?"

"Huo umepona."

"Mlingoti?"

"Mlingoti ni mzima."

"Basi hujaiharibu yote." Akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya gauni. "Tuanze wapi?"

"Mama, una kazi ya kufunga vitu nyumbani."

"Nyumbani sahani zimejaa sakafuni, zinanitazama. Afadhali hapa kuna kiti."

Kopo la marehemu lilikuwa bado rafuni, na gundi kavu ndani. Nililiweka kwenye maji ya moto, harufu ikaanza kupanda. Mama akainua kichwa, akavuta pumzi. Nikaenda kutafuta brashi ambayo sikuihitaji.

Nikarudi, tukaanza. Mimi nilipaka, yeye alishika. Kila ubao ulipewa haki yake: tuliujaribu huku, tukaugeuza, tukaujaribu kule, mpaka ukakubali. Zile zilizovimba kwa maji tulizibana kwa nguvu, vidole vyake juu ya vyangu, tukisubiri gundi ipoe ndipo tuhamie ubao mwingine. Kusubiri huko ndiko kulikochosha. Mara mbili nilisinzia nikiwa nimeshika.

"Hakuwahi kuniita nimshikie hata msumari," alisema. "Ningekuja. Lakini nami sikuuliza."

Baadaye alilishika tanga la nyuma, akapitisha kidole kwenye pindo.

"Hii ni foronya yangu."

Nikapaka gundi ubao uliofuata.

"Foronya ya maua, angalia, kaigeuza upande wa ndani. Mwanangu, kwa ajili ya foronya hii sikusemezana na wifi yangu mwaka mzima. Nilimwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwizi." Akaanza kucheka, nami nikaanza, tukacheka huku hatuwezi kuachia mbao, machozi yakimtiririka na mkono wa kuyafuta hana. Sikujua ni wakati gani kicheko kilimwishia. Nilitazama ubao wangu.

Tulipomaliza haikuwa ile ya zamani. Ubavu wa kushoto ulikuwa umetuna kuliko wa kulia.

"Imenenepa," alisema Mama.

Tuliizungushia bandeji kutoka kabati la Daktari, tumbo zima, ili isifumuke. Gundi ile haiamini mtu upesi. Ilihitaji siku mbili kukauka. Niliibeba mwenyewe mpaka kwake, yeye mbele akinifungulia njia.

Asubuhi nilikwenda kumsaidia kupakia. Mwanawe ni mtu mkubwa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kuendesha. Alikuwa amekwisha kufunga turubai Mama alipotoka na mashua mikononi.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kizima. Hiki ni kizima."

"Kimefungwa bandeji."

"Wewe umefungwa bandeji mara ngapi? Nilikutupa?"

Mwanamume yule akanigeukia, kana kwamba mimi ndiye mwenye akili.

"Kaka," nikasema, "haijakauka tu. Kesho kutwa bandeji zinatoka. Ila isilaliwe na kitu."

"Nyuma kumejaa mpaka juu, dada yangu."

"Nitaipakata," alisema Mama.

"Njia yote hiyo? Utachoka."

"Nimeshachoka tayari. Haitaongeza kitu."

Kijana alishusha pumzi. Alimtazama mama yake, akamtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu afike. Halafu akafungua mlango wa mbele, akatoa begi lake na jaketi kwenye kiti, akavitupa nyuma ya kiti cha dereva palipokuwa na nafasi finyu, akampandisha kwa kumshika kiwiko.

Nilimwonyesha Mama mahali pa kubana kwa kiganja, pale palipotuna, na kwamba asibane sana. Akaweka kiganja.

"Hapa?"

"Hapohapo."

Kijana akazunguka, akapanda, akatia ufunguo.

"Kona uzikate polepole," Mama alimwambia, na injini ilikuwa bado haijawaka.