Kiti Kipya cha Hajira

Sisi watu wa Kwedizinga kitu kizuri hatukitumii, tunakitunza. Sahani za maua hukaa kabatini zikingoja wageni, na makochi hufunikwa vitambaa mpaka yazeeke bila kukaliwa. Kwa hiyo kiti mwendo cha Hajira kilipofika kutoka Korogwe, mama yake, Mashavu, alifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Alikifuta, akakiweka sebuleni, akakitandikia kitambaa cha kufuma.

"Njia zetu hizi ni matope, mwanangu," alimwambia. "Kitaharibika bure. Utakikalia sikukuu."

Na kweli, kila Idi Hajira alikikalia, akapigwa picha, akateremshwa. Siku nyingine Mashavu alimbeba mgongoni hadi shule huku akihema, na mgongo ukimgomea, mtoto alishinda mkekani. Majirani tulikisifu kiti. "Bado kipya kabisa!" Mashavu akafurahi, Mungu amsamehe, na sisi atusamehe pia.

Masika yakapita, na mengine yakapita. Juzi fundi Simeo, yule aliyempima Hajira na kumtengenezea kiti, akaja kukikagua. Aligeuza magurudumu, hayakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Mama, mtoto anakitumia kweli?"

"Tumekitunza, baba," Mashavu akajibu, na papo hapo akaona aibu.

Simeo akaomba mtoto akalishwe. Hajira alikuwa amerefuka na kujaa. Sisi tuliomwona kila siku wala hatukutambua. Mashavu akamsukuma, akamgeuza ubavu, akamsukuma tena. Vyuma vya pembeni vikambana mapaja, magoti yakapanda juu.

"Kinanitosha, mama," Hajira akasema haraka. Jasho lilikuwa linamtoka.

Mashavu alimjua mwanawe. Alijua uongo ule ulikuwa wa kumsitiri yeye, na ukamuuma kuliko tusi.

"Hakimtoshi," alimwambia Simeo. "Kilimtosha zamani, nami nikamnyima." Akajifunika uso kwa khanga akalia mbele ya mgeni, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye msiba wa mumewe.

Simeo hakumgombeza, na nadhani hilo lilimwumiza zaidi. Alisema atampima Hajira upya, ila kiti kingine kitachukua muda na hawezi kuahidi ni lini. Hiki kingemfaa mtoto mmoja wa Magoma, ambaye bado ni mdogo.

Tukamteremsha Hajira, tukakipakia kiti garini. Fundi alipowasha gari, Hajira akamwita kutoka mkekani.

"Fundi! Huyo mtoto wa Magoma, mwambie mama yake asikitunze."

Alisema kwa upole, kama anayemtuma mtu chumvi dukani. Mashavu alikuwa amesimama nyuma yake, kile kitambaa cha kufuma mkononi.