Mwenye Miti

Mzee Ethuro alikuwa amesusa mbuzi. Hebu fikiria hilo kwanza: Mturkana wa miaka sabini na ushee, aliyezaliwa na kulelewa kati ya mbuzi, kawasusa! Tangu ukame ummalizie kundi lote na yeye kuhamia Lodwar kwa binti yake Nakaale, kazi ilikuwa kuketi nje juu ya ekicholong, kigoda chake cha mti, akitazama bodaboda zikipita. Chakula alikigusagusa tu. Akiulizwa ana nini, jibu lilikuwa lile lile.

"Nimechunga maisha yangu yote. Nionyeshe kilichobaki."

Nakaale alilia jikoni, akajifuta, kisha akaamua kumnunulia mbuzi wengine, atake asitake. Alimwomba mumewe Kiprop, mtu wa Kapsabet aliyekuwa akipeleka vitunguu Kakuma kwa pikapu, amfikishe mzee mnadani akachague mwenyewe. Mzee akakubali kwenda. Alikubali ili awakatae mbuzi hao uso kwa uso, binti yake aache kumsumbua.

Njiani Kiprop alijaribu kumchangamsha.

"Baba, huku kwenu naona Mungu alimwaga mawe yote yaliyombakia."

"Na kwenu akamwaga midomo," mzee akajibu, akageukia dirisha.

Kakuma ikiwa imekaribia, mzee aliona kilima fulani chenye vichwa viwili, akaipiga dashibodi kofi. "Simama! Boma langu lilikuwa nyuma ya kilima hicho, mwaka aliozaliwa mke wako. Njoo nikuonyeshe faida ya kuchunga. Utaona changarawe tupu."

Walishuka, wakatembea, mzee mbele kwa hasira zake. Walipokizunguka kilima, akasimama ghafla.

Loo! Palipokuwa na boma palisimama migunga, ile ambayo Waturkana huiita ewoi. Na si mmoja wala miwili, jamani, ni kundi zima, mikubwa, matawi yamekutana juu. Pande zote nchi imeungua, lakini hapo chini kuna kivuli cha kulaza ukoo mzima, na ndege wanagombana juu kama wako sokoni. Maganda ya mbegu yaliyojikunja yalikuwa yametapakaa ardhini. Kiprop, jasho likimtiririka, akaelekea kivulini moja kwa moja.

"Rudi!" mzee alifoka. "Unaingia kwenye miti ya watu bila ruhusa? Kwenu mtu huingia jikoni kwa watu hivyo hivyo?"

Maana huko mti wa namna hiyo una mwenyewe. Maganda yake ni chakula cha mifugo ya mtu, na mgeni huomba kwanza. Basi wakasimama juani, mtu na mkwewe, mzee akiita kwa salamu ya kwao, "Ejok! Wenyewe mpo?" Kimya. Akaita tena. Sauti yake ilikuwa na uchungu. Yeye alihama hapa na mbuzi ambao baadaye walikufa wote, kumbe akaja mtu mwingine akajaliwa miti. Hata ardhi imenisahau, aliwaza.

"Baba," Kiprop akasema, "mbona imekaa duara?"

Mzee akatazama. Kweli, ilikuwa duara, na ilikoma pale pale ulipokuwa umepita ua wa miiba wa boma lake. Alitembea haraka hadi upande wa macheo, akainama, akafukua mchanga kwa vidole. Mafiga matatu. Moja jeusi, limemeguka pembeni. Marehemu mkewe alilimegua siku alipomrushia yeye, Ethuro, kwa maneno ya upuuzi aliyoyasema kuhusu mama mkwe.

Akakaa chini kabisa, mchangani.

"Mavi," akasema.

"Nini, baba?"

"Mavi ya mbuzi! Walishinda mtoni wakila maganda, jioni wanarudi kulala hapa, wanazimwaga mbegu. Sisi tukahama. Mvua ikaja nyuma yetu. Weeh, Kiprop! Mimi nalia njaa ya mwaka ule tuliohama, na wao walikuwa wanapanda!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. Alikuwa na furaha iliyomuuma kifua. Aliushika mgunga wa karibu kwa mikono miwili, akaukagua tangu shina mpaka juu, jinsi alivyokuwa akikagua mbuzi.

Wakati huo mama mmoja alitokea na mbuzi wake, akawazuia mbali, juani.

"Ejok, baba. Wewe ndiye mwenye miti? Kila kiangazi tunapita hapa, hatujawahi kumkuta mwenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyekata hata tawi. Leo naomba wanyama wangu wale."

Mzee alijifuta machozi.

"Miti ni ya mbuzi wangu," alisema. "Walete wako wale."

Kiprop aliingia kivulini hatimaye, akajinyoosha, akafumba macho. Alipoyafumbua, mkwewe alikuwa amepiga magoti, ametandika shuka lake chini, anazoa maganda kwa viganja vyote viwili.

"Ya nini hayo, baba?"

"Wewe amka, mnada utafungwa," mzee akasema bila kugeuka. "Mbuzi wangu watakula nini njiani, vitunguu vyako?"