Marehemu Aliruhusiwa Kucheza

Asubuhi ya fainali, Hélène alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha Zabibu, mteja wake Mrundi anayeuza dagaa na nyanya pale Yeoville jijini Johannesburg, mwana mkubwa wa Hélène alipoingia saluni akiwa na suti aliyozikwa nayo. Exaucé alimwamkia kila mtu, akafuta viatu mlangoni kama alivyofunzwa tangu utoto, lakini udongo mwekundu wa makaburini haukutoka. Zabibu alisogeza kiti ili apite.

"Maman, glavu yangu iko wapi?"

"Iko nyumba, juu ya kabati," Hélène alisema. "Ulikula?"

"Siko na njala, maman. Kocha amepungukiwa na mtu."

Hélène alimaliza msuko uliokuwa mkononi, akamwomba Zabibu radhi kwa ile nusu iliyobaki. Zabibu alijifunga kitambaa, akasema hakuna neno, atarudi Jumatatu. Kurudi kwa Exaucé hakukumshtua mama yake. Mtoto aliyelelewa vizuri hurudi kuchukua vitu vyake.

Ni kweli kocha alikuwa amepungukiwa. Chuo cha Thornhaven, chenye wanafunzi wachache kiasi kwamba wote wanafahamiana kwa majina, kilikuwa kimefika fainali ya ubingwa wa taifa wa besiboli wa vyuo vidogo. Besiboli huchezwa na watu tisa. Katika nusu fainali mmoja alivunjika kifundo cha mguu, wakabaki wanane, na timu ya watu wanane hairuhusiwi kuingia uwanjani.

Lakini wachezaji bora wa chuo hicho walikuwa watoto wa Hélène, na wote wawili walikuwa wamefungiwa tangu Machi. Hélène alipokimbia kutoka Bukavu, Kongo, Exaucé alikuwa mgongoni mwake na Gaël tumboni. Gaël alizaliwa hapa hapa Johannesburg, akasoma hapa, anaota kwa Kizulu, na bado ni mgeni. Vibali vyao vya ukimbizi viliisha muda, wakaomba vipya kwa mtandao, na ofisi haikujibu hadi leo. Chama cha mchezo kikasema asiye na kibali hachezi. Chuo nacho kiliwasomesha bure kwa sababu ya besiboli tu, kwa hiyo kikasema asiyecheza hadi mwisho wa mwaka atafute pengine pa kusoma.

Mwezi wa Julai, asubuhi ya baridi kali, kifua cha Exaucé kilibana na pampu yake ya pumu ilikuwa tupu. Hélène alimkokota hadi kliniki. Getini walisimama watu waliojipa kazi ya kuuliza vitambulisho, na mmoja wao, bwana mnene aliyekuwa akila magwinya, maandazi ya mafuta ya huku, aliitazama karatasi iliyoisha muda akasema waende wakatibiwe kwao. Exaucé alikufa akiwa ameegemea uzio wa kliniki, dirisha la dawa likionekana. Alikuwa na miaka ishirini. Mpaka sasa mama yake akisikia harufu ya magwinya huvuka barabara.

Uwanja ulikuwa kusini mwa jiji, nyuma ya kiwanda cha mikate. Walipita nyumbani kuchukua glavu na Gaël, wakafika wote watatu kwa teksi, Exaucé amekaa dirishani, glavu mapajani. Kocha Mabaso alimkumbatia. Alikuwa mtu mwema, Mabaso. Kwenye mazishi alilia kuliko wajomba. Akawapeleka mezani kwa Bi. Prinsloo, mama wa chama aliyekuwa akihakiki wachezaji, na mazungumzo yakawa ya Kiingereza.

"Huyu amefungiwa," alisema Bi. Prinsloo, akiangalia kompyuta yake ndogo. "Kibali kimeisha."

"Amefariki, madam," alisema kocha. "Mwezi wa Julai."

"Kuna cheti cha kifo?"

Hélène alikitoa mkobani. Ndiyo karatasi pekee ya nchi hii iliyowahi kutoka kwa jina la Exaucé bila kusubiriwa. Bi. Prinsloo aliisoma, akamwangalia kijana, akaangalia tena karatasi.

"Basi hakuna tatizo," alisema. "Kibali ni cha mgeni anayeomba kubaki. Marehemu haombi kitu. Avae jezi, tumechelewa."

Hapo ndipo Hélène aliposhtuka. Machi alisimama mbele ya mwanamke huyu huyu, akamsihi hadi sauti ikamkauka, akaambiwa mikono ya chama imefungwa. Leo imechukua muda wa kumimina chai. Alimvuta Gaël mbele.

"Na huyu mdogo wake?"

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi yeye asubiri kibali," alisema Bi. Prinsloo, bila ubaya wowote, akamwonyesha Gaël mlango wa watazamaji.

Mchezo ulianza. Exaucé alikuwa mtupaji, yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Anayekosa mara tatu anatoka, na siku hiyo walitoka wengi. Mpira wake ulifika ukiwa wa baridi; mdakaji alilalamika vidole vinakufa ganzi, akaletewa soksi avae ndani ya glavu. Kila baada ya mitupo michache mwamuzi alisimamisha mchezo na kufagia udongo mwekundu uliomwagika kutoka mikononi mwa Exaucé. Alifagia kwa subira, kama anavyofagia udongo wowote.

Kocha wa timu pinzani, iliyotoka Durban, aliweka pingamizi kwamba marehemu hachoki. Waamuzi walikaa wakajadiliana. Idadi ya mitupo huwekewa mpaka ili mkono wa kijana usiharibike, wakasema, na mkono huu hauna tena cha kuharibika. Mchezo uliendelea. Baadaye kidogo mpira uliopigwa kwa nguvu ulimrudia Exaucé kifuani, ukatoa mlio wa kabati linalogongwa. Aliuokota, akamtoa mpigaji. Kisha akapapasa mfuko wa suruali kutafuta pampu yake, kama alivyozoea kila akichoka, akakumbuka, akaacha. Hélène alipoona mkono ule unatafuta alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Gaël alikaa kando yake nje ya uzio, ameshika waya kwa vidole, anatamka kila mtupo kabla haujatoka. Alikuwa anajua yote. Hewa ya kiwanda ilimkereketa, akakohoa, maana naye ana pumu kama kaka yake, na Hélène akageuka haraka kumtazama.

"Niko sharp, mama, niko sawa," alisema Gaël kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia vizuri ila alikitumia kujibu kwa nadra.

Nyuma yao bwana mmoja alikuwa akishangilia kuliko wote. Hélène aliijua sauti kabla hajageuka, na alipogeuka aliyaona na magwinya, kwenye karatasi ya kaki iliyolowa mafuta. Alidhani atamrukia. Badala yake alibaki amekaa, kwa sababu yule bwana alikuwa anamchekea.

"Ni wako yule, mama?" aliuliza. "Kijana wetu yule! Nchi hii ina vipaji."

"Ni wangu," alisema Hélène kwa Kiingereza chake cha saluni. "Tulionana Julai. Kliniki. Getini."

Bwana alitafuna huku akitafakari. Hakuonyesha aibu wala hasira. Alikuwa anakumbuka tu, kama mtu anayekumbuka alipoacha mwavuli.

"Aa, yule aliyekuwa anakohoa," alisema. "Naona amepata nafuu." Akamnyooshea karatasi achukue andazi.

Hélène hakuchukua. Bwana aliweka andazi mdomoni akarudi kushangilia.

Thornhaven walishinda. Kombe lilikabidhiwa, picha zikapigwa, na katika picha zote Exaucé alionekana vizuri, rangi yake imefifia kidogo tu. Alipovishwa medali alitoka nje ya uzio akamvisha Gaël. Bi. Prinsloo alikuja akaomba irudishwe shingoni mwa mhusika, kwani Gaël hakuwa mchezaji halali. Exaucé aliichukua akampa mama yake.

"Balikuitikia ucheze leo," Hélène alimwambia, akiishika ile medali. "Juu ya nini balikataa ukiwa muzima?"

"Sijui, maman. Waulize."

Akaenda kuuliza. Alimkuta Bi. Prinsloo anakunja meza yake. Alimwambia kwamba chama kimekwishaona leo watoto hawa ni wa namna gani, hakuna aliyedhurika, kombe limepatikana. Basi Gaël naye aandikishwe kwa mwaka ujao, asije akapoteza chuo. Bi. Prinsloo alimsikiliza hadi mwisho. Alisema sheria ni ile ile na haikubadilika kwa sababu ya mechi moja nzuri. Akampa pole ya msiba, kwa kuwa alikuwa hajapata nafasi ya kutoa, akaondoka.

Makaburi hufungwa saa kumi na moja jioni. Kocha Mabaso alikuwa amejitolea kumrudisha Exaucé kwa gari la chuo kabla geti halijafungwa. Exaucé alimkumbatia mama yake, na baridi yake ilipenya sweta. Alimwambia Gaël kitu kwa Kizulu, wakacheka wote wawili. Kisha akapanda mbele, akafunga mkanda.

Kabla ya kuwasha gari kocha alishuka tena, akawafuata Hélène na Gaël pale walipokuwa wanasubiri teksi. Alisema amekuwa akiwaza. Mwakani yule anayelinda kituo cha pili anahitimu, nafasi itakuwa wazi, na hajaona mtu anayeifaa zaidi ya Gaël. Alisema amezungumza na chuo pia, na chuo kinaweza kuvumilia hadi msimu mpya; na habari ya kibali, leo wote wameona inavyotatuliwa. Hélène alifungua mdomo kumshukuru.

Kocha aliweka mkono begani mwa Gaël, taratibu, kwa upendo wa kweli.

"Na kifua chako, mwanangu? Siku hizi kinaendeleaje?"

"Kiko sawa, kocha," alisema Gaël.

Mabaso alitikisa kichwa kukubali.

"Msimu unaanza Machi," alisema. "Hakuna haraka."

Akampigapiga begani, akarudi garini. Hélène alisimama pale hadi gari lilipopita robot, yaani taa za barabarani, na kupinda kona. Kisha akatoa pampu ya Gaël mkobani, akaitikisa karibu na sikio kusikia kama dawa bado imo.