Mtani na Nyumba ya Bati

Nyumba yangu ya udongo niliibomoa kwa mikono yangu mwenyewe, tena huku nikiimba. Ukuta wake ulikuwa mnene, na kila mwaka kabla ya mvua tuliukandika upya, mimi na wanawake wenzangu wa ua wetu. Lakini mwanangu Bukare alikuwa ametuma mabati na saruji kutoka Abijani, nami nilitaka kila apitaye barabara ya Gursi ajue kwamba nimezaa mwana. Majirani wakaona wivu. Mwaka haukuisha, ua mzima ukawa wa bati.

Siku ile ya kubomoa, Zerbo alipita na baiskeli yake. Ni fundi wa nyumba za udongo mtupu. Hata paa hulijenga kwa matofali hayohayo ya udongo, akiyapinda juu kama kuba bila mti wala bati. Yeye ni wa kabila la Wasamo, mimi wa Wamosi, kwa hiyo tu watani tangu enzi za mababu. Tunatukanana, na anayekasirika ndiye mjinga.

"We mla kichwa cha punda," akasema, "unabomoa nyumba ujenge tanuri? Mjukuu akija utamwoka."

"Nikimwoka nitakuletea paja, mla mbwa. Najua wewe nyama huchagui."

Alicheka mpaka akaegemea baiskeli. Nikampa uji baridi wa mtama, akanywa, akaenda zake. Kwetu maneno ya mtani huchekwa, hayachukuliwi nyumbani.

Aseta, mke wa Bukare, alijifungua Aprili, joto la kwetu likiwa kileleni, wiki sita kabla ya wakati. Kitoto cha kike, unakibeba kwa kiganja. Nesi akatuambia tukiweke penye ubaridi na kinyonye mara kwa mara. Penye ubaridi! Zahanati yenyewe ilikuwa ya bati, na nesi mwenyewe alikuwa akijipepea na daftari.

Nyumbani, kufika saa nne asubuhi bati lilikuwa likilia kwa joto. Nilitundika vitambaa vilivyolowa, vikakauka nikiwa bado nimeshika ndoo. Tulitoka nje kivulini, upepo ukaja wa moto na vumbi lake. Siku ya tatu mtoto aliacha kunyonya. Hata kulia hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimfunga kifuani kwa kitambaa cha maji nikashika njia ya kwa Zerbo, Aseta akijikokota nyuma yangu.

Zerbo alikuwa mlangoni pake anakula. Aliona furushi kifuani mwangu, akaanza kucheka kabla sijafika.

"Kumbe Wamosi mnatimiza ahadi! Umeniletea paja langu?"

"Mtoto anaungua," nikasema.

"Si ungemgeuza upande wa pili?"

Sikumlaumu, na leo simlaumu. Miaka thelathini hatujawahi kuambiana neno la kweli, angejuaje kwamba hili ni la kweli? Basi nikapiga magoti. Mtani hapigiwi magoti.

"Baba Isufu," nikamwita kwa heshima, kwa jina la mwanawe, "naomba nyumba yako."

Bakuli likamtoka mkononi.

Ndani mwake mlikuwa na ubaridi kama wa mtungini. Tulimlaza mtoto mkekani, ngozi ikaanza kupoa. Aseta akamkamulia maziwa tone kwa tone, akameza mara mbili, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani tumewahi. Zerbo alisimama uani, hakuthubutu kuingia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alasiri mtoto alivuta pumzi, nami nikangoja nyingine.

Bukare alipiga simu, akalia, kisha akasema atatuma feni. Umeme kwetu haujafika. Nikamwambia asitume kitu.

Mabati nimeyashusha. Aseta bado kijana, atazaa tena, na hatazalia chini ya bati. Udongo naukanda mwenyewe na kufyatua matofali, mgongo ukiuma nauacha uume. Zerbo anajenga na ujira amekataa. Majirani huja kuegemeza viganja kwenye ukuta, kisha huondoka kwenda kukaa chini ya mabati yao, na najua nani aliyewatamanisha.

Kila asubuhi namchokoza. Namuuliza mbwa wa jana alikuwa mnono? Ananijibu kwa adabu, kama anayeongea na mkwe. Jana nilimtukana makusudi mbele ya watu, nikamwambia Msamo hajui kujenga hata banda la mbwa anayemla. Watu wakangoja arudishe. Mimi nilikuwa namsihi moyoni: nitukane, Zerbo, niambie nimemwoka.

Alishuka ngazi, akapangusa mikono, akainamisha kichwa mbele yangu.

"Pole, Mama," akasema, akapanda tena kuendelea na kazi.